Kigauni cha Mjukuu

Fundi alikuwa na mkono mwepesi kwenye cherehani, na wateja walilijua hilo. Shida yake ilianza pale nguo inapokwisha. Badala ya kuikunja na kuifunga, aliigeuza ndani nje, akapapasa mishono yote, akapitisha sumaku, akaikunja, kisha akaikunjua na kuanza upya. Hofu yake ilikuwa moja tu: amesahau pini humo ndani, na pini hiyo itamchoma mtoto wa mtu.

"Baba watoto, hebu iangalie na wewe," alikuwa akimwambia mumewe, mtu wa kupaka nyumba rangi, kabla hata hajavua ovaroli.

"Nimeiangalia. Safi."

"Kweli?"

"Kweli kabisa, mke wangu."

Utulivu ule haukufika hata jikoni. Alikuwa akirudi na nguo ileile mkononi.

Mwanzoni mume alimtania, "Wasiwasi ndio akili." Utani ulimkaukia mdomoni siku fundi alipoanza kukataa nguo za watoto. Kisha akaja binti yao, mjamzito wa mimba ya kwanza, na kitambaa laini cha pamba amekikumbatia.

"Nishonee kigauni cha mwanangu, mama."

"Mpelekee fundi mwingine."

"Watoto wa mtaa mzima umewavisha. Wangu ndiye humtaki?"

Fundi alilia mpaka binti akalia naye, na ndipo akamweleza yote. Binti ndiye aliyemtafutia mshauri, na mume akamsindikiza fundi.

Mshauri alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye chumba kidogo nyuma ya zahanati na feni inayolalamika. Hakumkatiza hata mara moja.

"Nadhani nimerukwa na akili, dada," fundi alimaliza.

"Hujarukwa na kitu, mama. Ni maradhi yanayojulikana, na yanatibika. Umewahi kusikia upele humwota asiye na kucha? Basi wewe umekuota na kucha unazo, ndiyo balaa lenyewe. Ukijikuna unapata raha kidogo, kidonda kinapanuka. Kukagua kule ndiko kujikuna kwako."

"Na pini ikiwemo kweli?"

"Sitakuambia haimo. Hayo nayo ni kukukuna mgongo." Akamgeukia mume. "Na wewe baba, naona umekuwa mkunaji mkuu."

Mume aliinamisha kichwa. "Nilidhani namsaidia."

"Ulikuwa unampenda. Endelea kumpenda, ila badilisha jibu. Akikuuliza, mwambie, 'Huenda ipo, huenda haipo,' kisha kaa naye."

Walianza na mapazia. Fundi aliyakagua mara moja tu, kama fundi yeyote, akayafunga, na mshauri akaketi naye kwenye kibanda cha ushonaji huku moyo ukimwenda mbio. Hakumtuliza. Alimuuliza tu, "Sasa hivi hofu ikoje?" Ilikuwa juu. Baadaye ikawa juu bado. Kisha, bila mtu kuifukuza, ikaanza kushuka yenyewe, na fundi akashangaa kama mtu aliyeona mvua inakatika.

Wakapanda hadi sare za kazi, kisha magauni ya wasichana. Kwa mume mambo yalikuwa magumu zaidi. Siku moja mkewe alimuuliza, naye akasema, "Huenda ipo, huenda haipo," huku akitikisa kichwa kwa siri kwamba haipo.

"Baba!" mshauri alipaza sauti kutoka mlangoni. "Kichwa nacho kinaongea!"

Wakacheka wote watatu, fundi akifuta machozi kwa ncha ya kitenge chake.

Haikuwa njia iliyonyooka. Kuna mchana alimkimbilia mteja barabarani, akamnyang'anya mfuko na kuigeuza nguo mbele za watu. Alimsimulia mshauri kwa aibu, akingoja kugombezwa.

"Umeteleza, hujaanguka," mshauri alisema. "Kesho tunashona nini?"

Fundi aliinua uso. "Cha mjukuu."

Alikishona asubuhi, madirisha yakiwa wazi. Kigauni kidogo, mikono mifupi, upindo mwembamba. Pini alizitumia zilezile za siku zote. Alipomaliza alikikagua mara moja, akakikunja. Sumaku ilikuwa drooni, naye akaliacha droo limefungwa. Binti alipofika, fundi alimkabidhi kwa mikono miwili.

"Sijakikagua zaidi ya mara moja," alisema. "Sina hakika."

"Najua, mama." Binti alikibana kifuani. "Asante."

Binti alipoondoka, fundi alishika ukingo wa meza. Mume hakusema haipo. Alivuta kigoda, akaketi karibu yake bega kwa bega, akaanza kumwambia habari za tajiri mmoja aliyetaka choo chake kipakwe rangi ya zambarau. Fundi hakusikia nusu ya maneno yale, lakini hakuinuka.

Mtoto alizaliwa wa kike, mwenye sauti kubwa. Siku walipomleta, alikuwa amevaa kigauni kile. Wasiwasi ukamjia fundi palepale, ukamnong'oneza yaleyale. Aliuacha unong'one. Alimpokea mtoto, akampakata, akamnusa utosini.

"Nipe na mimi basi," mume alisema, mikono kaitanguliza.

"Ngoja zamu yako."

"Zamu yangu lini?"

"Akilala."

Mtoto akafumba macho. Fundi akageukia dirishani, kana kwamba hakuona.