Vifungo vya Mama Pindo

Mama Pindo alipanda mizani ya uwanja wa ndege kifua mbele. Alikuwa fundi cherehani, mwili anao, na hakuwahi kuuonea haya. Mkononi alibeba gauni la harusi la binti wa marehemu dada yake, binti aliyemlea mwenyewe tangu anatambaa. Harusi ilikuwa mchana huo huo, katika mji ulio upande wa pili wa milima. Kwa gari ni siku nzima na usiku wake, maana barabara inaizunguka milima yote. Kwa ndege, dakika arobaini.

"Hata usingizi hutaushiba, mama, tutakuwa tumeshatua," rubani alimwambia.

Tatizo ndege yenyewe ilikuwa ndogo, ile ya kupima kila abiria na mzigo wake, na asubuhi hiyo hospitali ya kule ilikuwa imeomba dawa za haraka. Rubani alipiga hesabu, akakuna kichwa, akapiga tena.

"Jamani, uzito umezidi. Mmoja lazima abaki."

Abiria wote wakaanza kutazama viatu vyao. Kulikuwa na mzee aliyetoka kupasuliwa, na mama mwenye kichanga. Mama Pindo aliwatazama, moyo ukamchoma kwelikweli. Lakini yeye si mtu wa kubembelezwa.

"Mbona kimya kama tuko msibani? Nikishuka mimi mnapata nafasi ya watu wawili!" Wakacheka. Akamkabidhi rubani gauni. "Likipata mkunjo mmoja tu, mimi na wewe tutatafutana."

Ndege iliporuka ndipo alipokumbuka vifungo. Lahaula! Mgongoni mwa gauni aliweka safu ndefu ya vifungo vidogo kama punje za mtama, kila kimoja na kitanzi chake. Bibi harusi alitaka zipu, yeye akakataa katakata. "Zipu ni ya wavivu," alimwambia. "Mimi nitakuwepo, nitakufunga mwenyewe." Kujiamini gani huko! Alipiga simu, haikupokelewa. Akakaa kwenye benchi akalia, wala hakujificha.

Hakwenda nyumbani. Ndege ingerudi kabla ya adhuhuri, na angalau alitaka kusikia kama gauni limefika salama. Ilipotua, mlango ukafunguliwa, akashuka bibi harusi, gauni mwilini, koti la rubani mabegani.

Mama Pindo aliruka kutoka kwenye benchi. "We mtoto! Umeachwa?"

"Aniache nani? Bwana harusi mwenyewe ndiye aliyesema nikufuate. Mawifi walitaka kunifunga, nikawaambia mikono chini." Akavua koti, akampa mgongo. "Ni dakika arobaini tu, mama mdogo. Kwa dakika arobaini ndiyo niingie harusini bila mama?"

Mama Pindo aliinama nyuma yake. Alianzia kifungo cha chini akapanda navyo kimoja kimoja, na vidole vyake havikukosea hata kitanzi kimoja.

"Twendeni, safari hii mko wawili tu," rubani aliita. "Hata mizani siihitaji."

"Na ungethubutu kuileta!" Mama Pindo alimjibu, akajifuta macho. Kilikuwa kimebaki kifungo kimoja, cha juu kabisa. Alikigusa, akakiacha wazi.

"Hiki nitakufunga kule," alisema, "mlangoni, watu wote wakiniona."