Mwitaji wa Bonde la Mivule

Katika milki ya Mfalme Simba, haki ilianzia chini, na kwa kawaida iliishia hukohuko. Kila bonde lilipewa Mahakama ya Mwanzo, yenye hakimu mmoja na mwitaji mmoja. Kanuni yake ilikuwa fupi: mwenye shauri huitwa mara tatu mlangoni, asiyeitika ameshindwa.

Katika Bonde la Mivule mwitaji alikuwa Twiga. Aliteuliwa kwa kuwa alionekana kutoka mbali. Kwamba hakuwa na sauti, hilo halikuulizwa kwenye usaili.

Mjane Digidigi alimshtaki Kiboko, shemeji wa Waziri, aliyeihamia chemchemi ya mjane huyo na kuigeuza tope. Wanawe watatu hawakuwa na maji mengine. Mara ya kwanza alishindwa akiwa ameketi hatua nne kutoka mlangoni. Hakimu Ngiri akamruhusu kufungua shauri upya, kwa hisani.

Mara ya pili aliketi miguuni pa Twiga, macho yakiwa kwenye midomo yake. Ilipocheza tu, akapaza sauti: "Nipo, Mheshimiwa!"

Hakimu akakunja uso. "Nani kakunong'oneza, mama?"

"Hakuna, Mheshimiwa. Nimetazama. Sasa naomba mdaiwa naye aitwe."

Twiga akachezesha midomo mara tatu. Kiboko alikuwa chemchemini, akioga. Hakuwahi kuhitaji kuhudhuria.

"Hakuitika," alisema Digidigi. "Kanuni ni yenu, Mheshimiwa."

Ngiri alipekua makaratasi kwa muda mrefu. "Mahakama imeridhika kwamba mdaiwa ameitika kimoyomoyo. Chemchemi ni yake."

"Kimoyomoyo!" Nyani alidakia kutoka benchi la nyuma. "Kaka yangu aliitika kwa mdomo, mkamfunga miezi mitatu kwa kupiga kelele!"

Digidigi akapanda juu ya benchi. "Hakimu Ngiri!"

Ngiri hakujibu. Hakimu haitwi na mdai.

"Hakimu Ngiri!" Safari hii sauti zilikuwa kumi. Mara ya tatu ukumbi mzima uliita, na Twiga, kwa mazoea, akachezesha midomo pamoja nao.

Hakimu alinyamaza, kama ilivyoipasa hadhi ya cheo chake.

"Hayupo," alisema Digidigi.

Wakatoka wote, wakashika njia ya chemchemini. Ngiri, akiwa amebaki na mwitaji wake tu, aliandika kwamba shauri limeahirishwa, kisha akaamuru walinzi waitwe haraka.

Twiga akaenda mlangoni, akawaita mara tatu.