Bunduki ya Plastiki na Msiba wa Mtani

Usiku wa kuamkia leo nimeota bunduki yangu ya plastiki imekaa kwenye kiti changu, inakunywa uji wangu.

Nieleze kwanza, msije mkanidhania jambazi. Ni bunduki ya kuchezea tu, inarusha vigololi vya plastiki. Shemeji yangu aliniletea kutoka safarini. Ilikuja na mdomo wa rangi ya machungwa, ili kila anayeiona ajue si ya kweli. Mimi kwa ujuaji wangu nikaupaka dawa nyeusi ya viatu. Jana mchana nikamwelekezea jirani yangu Mwinyimvua juu ya ua, nikamwambia, "Mzaramo, sali sala yako ya mwisho." Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo, watani tangu enzi za mababu. Akanijibu kwamba kazi ya Mnyamwezi ni kubeba mizigo, silaha niwaachie wenyewe. Yakaisha hapo.

Sasa ndotoni bunduki inajifuta mdomo kwa kitambaa cha meza.

"Bwana Maganga, nimeambiwa mimi ni ya kweli," inasema.

"Nani kakwambia?"

"Sheria. Isiyo na rangi mdomoni ni ya kweli, na rangi umeniondolea mwenyewe. Ya kweli huua. Ulinielekeza kwa nani?"

Nikasema ule ulikuwa utani. Bunduki ikakoroga uji, ikasema Sheria haina mtani.

Nikaikwapua, nikatoka nayo mbio nikaitupe mtoni kabla haijamfikia Mwinyimvua. Kumbe bunduki ya kuchezea hairuhusiwi kutoka nyumbani. Basi nyumba nzima inatoka nami. Nakimbia, kuta zinakimbia ubavuni, paa linakwangua nyaya za umeme. Mke wangu Kalunde yuko jikoni anapeta mchele, nyumba inaruka mitaro. Ananiambia nipunguze mwendo, chuya zinarudi kwenye mchele.

Kufika mtoni, mto uko sebuleni kwangu. Katikati amesimama askari, maji kiunoni, na kichwa chake ni kufuli.

"Afande, ifungie hii haraka," nikamwambia. "Inataka kumuua mtu."

"Ilitakiwa kufungiwa jana," akasema. "Hebu tazama mkono wako."

Nikatazama. Mkono mtupu, unanuka dawa ya viatu. Upande wa pili wa ua nikasikia mlio mdogo, kama punje ya mchele iliyoangukia sufuria. Kisha mke wa Mwinyimvua akaanza kulia.

Maji yakawa mikeka, tuko msibani. Mwinyimvua amelazwa katikati, kavishwa sanda, katiwa pamba puani. Jamani, yule mtu nampenda. Nikapiga magoti mbele ya mjane, Bi Chausiku.

"Shemeji, nimemuua mimi."

Watu wakacheka. Mnajua desturi yetu: mtani ndiye mchekeshaji wa msiba. Anamwigiza marehemu, anaingia kaburini anagoma kutoka, na hakuna wa kumkasirikia. Nikasema tena, safari hii machozi yananitoka. Wakashika mbavu. Mzee mmoja akasema miaka mingi hajaona Mnyamwezi anayejua kulia hivi. Nikamnyooshea askari mikono anifunge pingu. Naye anacheka, funguo zinalia ndani ya kichwa chake. Hata Bi Chausiku alifuta machozi akatabasamu, akasema marehemu angefurahi.

Hapo ndipo nikaogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Kufungwa ningekubali. Lakini uue mtu, ukiri, kisha ushangiliwe, hilo sikuwa na pa kulipeleka.

Nikaruka kaburini, nikalala chali. "Nizikeni mimi, yeye atoke," nikawaambia. Wakapiga vigelegele, wakaanza kumshusha juu yangu. Sanda ilipofika karibu na uso wangu, Mwinyimvua akafumbua jicho moja.

"Mnyamwezi," akanong'ona, "wewe leo hutanii."

"Sitanii, mtani wangu. Waambie."

"Nimewaambia. Nimesema kufa kwenyewe sijafa sawasawa. Wanasema Mzaramo hata maiti yake inatania."

Udongo ukaanza kuanguka.

Nikazinduka natweta. Kulikuwa kumekucha. Sikuvaa hata shati, nikatoka pekupeku hadi kwenye ua, nikamwita Mwinyimvua. Nikaita tena, nikaupiga ua kwa viganja.

Mlango ukafunguliwa. Akatoka na msuli wake, polepole, kashika ukuta. Nikamshukuru Mungu kwa sauti, akanishangaa.

"Mtani, usiku nimekabwa," akasema, sauti ya puani. "Pumzi haipandi, haishuki. Alfajiri nimepenga kwa nguvu, ndipo nikatoa hivi. Shemeji yako anasema hatuna pamba ndani ya nyumba."

Akafungua kiganja. Vilikuwa vifundo viwili vyeupe vya pamba, vimesokotwa vizuri kwa mkono unaojua kazi.

"Sasa nani kaniwekea?" akauliza, akanitazama, akingoja nimtanie.

"Ni mimi," nikasema.

Mwinyimvua akacheka.