Ripoti ya Kobe

Programu ya benki ya damu ilizimika wakati mama mmoja amekwisha kulazwa kwenye meza ya upasuaji. Mtaalamu wa maabara alikimbilia friji, akasoma vibandiko vya mifuko kimoja kimoja mpaka akalipata kundi la damu lililotakiwa. Mama yule alipona. Ndipo mtaalamu akapiga simu.

"Mama Pacha, leo tumenusurika. Kesho sijui."

Mama Pacha ndiye aliyeiandika programu ile. Hayakuwa malalamiko ya kwanza. Kila ilipozimika aliipekua mstari kwa mstari asione doa, na kila alipoiwasha tena ilikwenda kama maji. Ofisini walisema chinichini kwamba tangu ajifungue mapacha akili yake ameiacha nyumbani. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hata yeye alianza kuamini.

Mkuu wa kitengo alimwita.

"Kazi hii nitampa mwingine," alisema, bila ukali. "Pumzika kidogo, mama. Umechoka."

"Nimechoka, ndiyo. Lakini uchovu wangu hauzimi programu. Nipe mpaka jioni, mkuu."

"Utafanya nini ambacho hujafanya?"

"Nitamtafuta mwenzangu."

Mkuu hakumwelewa. Kwa muda sasa Mama Pacha alikuwa akitengeneza maktaba. Si ya vitabu, bali furushi la msimbo, yaani maagizo ya kompyuta, ambalo programu yoyote inaweza kuliazima. Kazi yake ilikuwa moja: programu inapoanguka, maktaba hulichukua kosa na kwenda kulisaka mtandaoni katika ripoti za watu wengine waliowahi kukwama pale pale. Wenzake waliibatiza "Mbea". Lakini mbea huyu alirudi mikono mitupu kila mara, kwa sababu maneno ya kosa yalibeba jina la mgonjwa na saa ya tukio, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuripoti jina lile kwa saa ile.

Basi siku hiyo aliifundisha kumenya. Jina litupwe, saa itupwe, ibaki mifupa ya kosa. Alikosea, akafuta, akaanza upya. Chakula kilimpolea pembeni. Alasiri maktaba ikamletea ripoti moja.

Iliandikwa zamani na mtu aliyejiita Kobe. Kosa lilikuwa lile lile, ndani ya kipande cha msimbo ambacho wote wawili walikiazima kwa watu wengine. "Hunitokea kwenye programu ya kliniki ya watoto," Kobe aliandika, "kisha hupotea lenyewe. Naombeni msaada." Wenye kipande wakamjibu kwa neno moja, "Haijathibitika," na ripoti ikafungwa.

Mama Pacha aliyaweka maneno ya makosa aliyonakili Kobe kando ya yake. Yote yalikatika katikati ya jina, na yote yalikatika baada ya herufi mbili zile zile: ng.

"Ng'!" alisema kwa sauti, mpaka jirani yake akageuka.

Kile kialama kidogo kinachoning'inia juu ya herufi! Kompyuta ilikidhania mwisho wa jina, ikajikwaa na kuanguka. Wagonjwa wenye majina ya namna hiyo hawaji kila siku, ndiyo maana kosa lilijificha vile.

Alimwita mkuu, akaandika jina la kubuni lenye ng', programu ikazimika mbele yao. Akarekebisha, akaliandika tena. Ikasimama imara.

"Kumbe halikuwa kosa lako," mkuu alisema polepole.

"Wala la Kobe."

Kabla ya kwenda kuwachukua wanawe, aliandika chini ya ripoti ile chanzo, tiba na ushahidi, akataka ifunguliwe upya. Wenye kipande wakakubali.

Kobe alijibu baada ya siku kadhaa. "Ahsante, Mama Pacha. Siku hizi nauza vifaa vya ujenzi. Niliachishwa kazi kwa kosa hili. Waliniambia sina kichwa cha kazi hii, nami nikakubali. Je, naweza kumwonyesha mke wangu ulichoandika?"

Mama Pacha aliyasoma hayo akiwa amesimama. Akavuta kiti, akaketi, akaanza kuandika jibu refu la kitaalamu lenye maelezo ya kila hatua. Kisha akalifuta lote.

"Mwonyeshe," aliandika. "Akiwa na swali, niiteni."