Joto la Mwili kwa Kelvini

Fundi wa mafriji hakuwa mtu wa kushindwa na swali. Ukimuuliza njia ya kwenda mahali asipopajua, atakuelekeza kwa mkono na kwa uhakika, na ukipotea shauri yako. Mkewe alikwisha kumzoea. Binti wa mkewe, ambaye fundi alimtakia mema kuliko mtu yeyote, alikuwa bado anampima.

Baba mzazi wa binti huyo alifariki mtoto angali anatambaa. Fundi alipomwoa mama, mtoto alikuwa mkubwa wa kutosha kuchagua atamwita nani nini, naye akachagua "anko". Alimwita hivyo kwa adabu zote, shikamoo ya asubuhi na pole ya jioni, na hapakuwa na la kulalamikia. Lakini kila mtoto wa jirani alipoita "baba" kutoka uani, fundi alichomwa moyoni. Alilitaka neno hilo, tena sana, na hakuwahi kumwambia mtu.

Kwa hiyo jioni moja binti alipokuja sebuleni na kitabu cha sayansi akasema, "Anko, wewe si unafanya kazi ya joto na baridi? Nisaidie hapa," fundi aliweka kikombe chini kwa haraka hata chai ikamwagikia kitambaa cha meza.

Swali lilitaka joto la mwili wa mtu mwenye afya, nyuzi 98.6 za Farenhaiti, libadilishwe kuwa Kelvini. Farenhaiti fundi aliiona kila siku. Geji yake ya gesi ilikuwa na namba za aina mbili, nje Farenhaiti na ndani Selsiasi, naye miaka yote hakusoma hizi wala zile. Alitazama mshale tu. Ukifika kwenye alama aliyoichora mwenyewe kwa rangi nyekundu, anafunga gesi, kazi imekwisha. Hakuwahi kubadili chochote kuwa chochote. Kelvini aliikumbuka kwa mbali kutoka shuleni: kulikuwa na mia mbili sabini na tatu za kujumlisha. Zinajumlishwa na nini, hapo kumbukumbu ilikuwa imemtoka. Mtu mwingine angesema sijui. Yeye alikohoa kidogo.

"Jumlisha mia mbili sabini na tatu," alisema. "Basi."

"Juu ya Farenhaiti hiyo hiyo? Mbona kwenye mfano wameanza kwa kutoa thelathini na mbili?"

"Waandishi wa vitabu wanapenda kuzungusha watu. Digrii ni digrii, mwanangu. Hii ndiyo kazi yangu."

Binti alimtazama, kisha akaandika 371.6 kwa mwandiko wake mzuri na kupiga mstari chini yake. "Asante, anko." Fundi alikwenda kulala kichwa kimevimba.

Siku chache baadaye mhudumu wa shule ya binti alimpigia simu: friji la chumba cha walimu halipozi. Fundi hakuwahi kukanyaga shule ile. Vikao vya wazazi alikuwa akienda mkewe, na yeye alijiambia kwamba ataenda siku binti mwenyewe atakapomwomba. Alimkuta mwalimu wa sayansi peke yake, mama mcheshi, anasahihisha mtihani huku feni ikimpeperushia karatasi. Fundi alilivuta friji kutoka ukutani, akapiga magoti nyuma yake na kuanza kufungua.

"Fundi, wewe ni mtu wa joto na baridi," mwalimu alisema. "Ngoja nikuchekeshe. Kuna binti darasani kwangu alinijibu kwamba joto la mwili ni Kelvini mia tatu sabini na moja na ushei. Na maji yanachemka kwenye mia tatu sabini na tatu. Nikamwambia, mwenzangu, kwa hesabu yako sisi sote humu tumebakiza kidogo tutoe mvuke. Darasa zima likacheka. Sasa wanamwita Birika."

Fundi alibaki ameinama. Spana ilikuwa mkononi lakini haikuwa ikizungusha kitu.

"Na ubishi wake sasa! Nikamwonyesha ubaoni. Unatoa thelathini na mbili, unazidisha kwa tano, unagawanya kwa tisa, ndipo unajumlisha zile mia mbili sabini na tatu. Unapata mia tatu na kumi. Akakataa katakata. Alisimama mbele ya wenzake akaniambia, 'Baba yangu ndiye aliyenifundisha, na baba yangu ni fundi wa mafriji. Hawezi kukosea digrii.'"

Neno lilikuwa limekwisha kusemwa, hadharani, na yeye hakuwapo kulisikia. Tena lilisemwa kwa ajili ya kuutetea upuuzi wake, na aliyelisema alilipwa jina la birika. Aibu ilimpanda kutoka kifuani hadi masikioni. Alitamani aingie ndani ya lile friji ajifungie mlango.

"Au baba mwenyewe ndiye wewe, fundi?" mwalimu alimtania.

Kusema ndiyo kusingemgharimu kitu. Mama wa watu angecheka, naye angecheka, yakaisha. "Mimi? Wapi," fundi alisema. "Mafundi wa mafriji tuko wengi, mwalimu. Wengine ni wababaishaji tu."

Alipoinua kichwa alimwona binti amesimama mlangoni, amekumbatia rundo la madaftari ya darasa. Alikuwa amekuja anatabasamu, kama mtu aliyesikia sauti ya wa kwao mahali asipoitarajia, na tabasamu hilo lilikuwa bado halijamalizika kumtoka. Alikuwa amesikia yote.

"Huyu ndiye Birika wetu," mwalimu alisema. "Njoo, mama. Unamjua fundi huyu?"

Binti alimtazama fundi na kungoja. Fundi aliinamia nati iliyokwisha kukazwa, akaikaza tena.

"Shikamoo, fundi," binti alisema.

"Marahaba."

Aliyaweka madaftari mezani, akatoka.

Friji lilipona. Fundi hakumbuki alilifungaje wala alipitia njia gani kurudi nyumbani. Aibu ya hesabu angeweza kuibeba. Watu hukosea, hutaniwa, husahau. Ile nyingine hakuwa na pa kuishika. Mtoto alikuwa amemkingia kifua mbele ya darasa zima, na yeye hakuweza kumkingia kifua mbele ya mtu mmoja.

Walipoketi kula, binti alimpa pole ya kazi kama siku zote. Mama aliuliza habari za shule akajibiwa ni nzuri. Fundi alitafuna tonge moja mpaka likakosa ladha, kisha akasogeza sahani.

"Leo nilikuwa shuleni kwenu," alianza.

"Anko, yaache."

"Siyaachi." Akamgeukia mkewe na kumweleza yote, jinsi alivyomfundisha mtoto asichokijua, na jinsi alivyomkana. Hakutia chumvi wala hakujipunguzia. Mkewe alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia binti.

"Hesabu si neno," binti alisema polepole. "Hata mimi nakosea. Lakini mwalimu aliponiuliza, nilikungoja wewe useme."

Fundi alitazama mikono yake. "Kesho nitarudi kwa mwalimu wako."

"Friji si limepona?"

"Limepona. Nitakwenda kumwambia mimi ni nani kwako."

Binti alisimama, akaanza kukusanya vyombo, cha mama yake kwanza, kisha chake, kisha cha fundi, kilichokuwa bado kimejaa.

"Nenda kamwambie," alisema. "Mimi nilishamwambia."