Mabomba Yasiyogonga

Mume wangu ni mkono wa birika, na hilo halina ubishi. Kandambili zake zimeshonwa kwa waya. Redio yake imefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kwa hiyo asubuhi ile alipoweka kikombe mezani na kusema amemwita fundi bomba, tunabadilisha mabomba yote ya maji ya moto, machale yakanicheza pale pale.

"Yote?" nikamuuliza.

"Yote. Yale ya chuma yameshaoza. Si wewe mwenyewe unayelalamika?"

Nimelalamika, ndiyo. Nimelalamika miaka nenda miaka rudi. Ukiwa bafuni na sabuni kichwani, mtu akifungua koki ya jikoni, maji ya moto yanakatika na ya baridi yanakushukia mgongoni. Kila nikisema, jibu lake lilikuwa lile lile, kwamba maji ni maji. Leo ghafla ananionea huruma. Mimi si wa kudanganywa kwa pipi.

Tena hilo halikuja peke yake. Kabla ya hapo alikuwa amehamia chumba cha mwanetu aliyekwisha oa, eti anakoroma, hataki kunikosesha usingizi. Amekoroma tangu tuoane na mimi nimelala fofofo. Kisha akaanza kuoga alfajiri, mtu ambaye zamani kumpeleka bafuni ilikuwa kama kumpeleka mbuzi mtoni.

Mabomba ndiyo yaliyonieleza. Yalipita ukutani, nyuma ya kitanda changu, na mtu akifungua maji ya moto yalikuwa yanagonga, ko ko ko, mpaka yapate joto. Nikilala pale najua nani yuko wapi. Binti yetu alipokuwa msichana hakuwahi kurudi kwa kuchelewa akanawa miguu bila mimi kujua. Sasa nilikuwa nasikia baba yake anafungua, anafunga, anafungua tena, kwa muda mrefu kuliko mtu wa kujimwagia maji tu.

Nikampigia simu dada yangu mkubwa. Huyo akiona moto haumwagii maji, anaupepea.

"Amehama chumba, anaoga sana, sasa anatengeneza bafu," akasema. "Mdogo wangu, unangoja uletewe kadi ya harusi?"

"Na magoti yake yale mabovu, nani atamtaka?"

"Si wewe ulimtaka?"

Sikucheka. Nilikata simu nikakaa nayo mkononi.

Fundi akaja, mtu mnene mwenye maneno mengi, watu wanamwita Spana. Akatoboa ukuta, akakata kipande cha bomba akanionyesha. Ndani kulijaa kutu, kumebaki tundu la kupitisha penseli. Akaweka mabomba mapya ya plastiki, akayaunganisha kwa kuyayeyusha ncha, akayabana ukutani kwa vibanio vilivyokaribiana. Kila kibanio akakivisha mpira.

"Huo mpira wa nini?" nikauliza. Nilikuwa nimekalia ndoo iliyopinduliwa, simpi nafasi ya kupumua.

"Yasigonge, mama. Mzee amesisitiza sana hilo. Kaniambia, hata nikifungua maji alfajiri, mama asisikie." Akatabasamu. "Una bahati. Waume wengine hawajali kama mke kalala."

Nikaitikia kwa kichwa. Damu ilikuwa inanichemka, na chini ya hasira kulikuwa na woga. Nimezeeka na mtu huyu. Sijui kuishi na mwingine, wala sijui kuishi peke yangu. Kama anaondoka, nilitaka nijue kabla hajafunga mkoba.

Kazi ikaisha. Maji yakawa na joto sawasawa, koki ya jikoni wazi, ya bafuni wazi, hakuna inayoinyang'anya nyingine. Mume wangu alikuwa akipitisha mkono chini ya bomba na kutikisa kichwa kwa kuridhika. Mimi niliyachukia mabomba yale. Nililala sikio limeelekea ukutani, na ukuta haukusema kitu.

Nikavumilia, nikashindwa. Siku moja, kulipokaribia kupambazuka, niliamka nikiwa na maneno yangu tayari, nimeyapanga kuanzia dogo hadi kubwa. Mlango wa chumba chake ulikuwa wazi. Kitandani hayumo. Shuka halipo. Godoro limefunikwa kile kitambaa cha nailoni tulichokuwa tukitandika mezani zamani, kimefutwa, bado kina unyevu. Nikakitazama bila kuelewa, au labda sikutaka kuelewa.

Mwanga ulikuwa unapita chini ya mlango wa bafu. Nikausukuma.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, suruali kaikunja, beseni mbele yake, mvuke unapanda. Anafua shuka. Anafua vibaya, kama mtu aliyefuliwa maisha yake yote. Aliponiona, mikono yake ikatulia ndani ya povu.

"Tangu lini?" nikauliza. Yale maneno niliyoyapanga sikuyaona tena.

"Ilianza kidogo kidogo, ndipo nikahama chumba." Hakuinua uso. "Naamka nimeshalowa. Sihisi chochote."

"Na hukuniambia."

"Ningekwambiaje? Nilidhani nitafua tu, yataisha. Maji ya baridi hayaondoi harufu. Yale ya moto yalikuwa yanakatika katikati, tena kwa kelele. Nikajua ipo siku utaamka."

Nilitamani awe na mwanamke. Mwanamke ningejua la kumfanya. Lakini huyu alikuwa mume wangu, ananionea aibu mimi niliyemzalia watoto, na hilo liliniuma kuliko kama ningekuta leso ya mtu mfukoni mwake.

"Umekwenda hospitali?"

"Bado."

"Tunakwenda leo."

Akalivuta shuka kutoka kwenye beseni akajaribu kulikamua, maji yakammwagikia miguuni. Lilikuwa shuka kubwa, la mtu mmoja kukamua halikuwa.

"Funga mlango," akasema kwa sauti ndogo. "Niache nimalize."

Nikaufunga, nikiwa ndani. Nikainama nikashika ncha ya pili.

"Zungusha kulia," nikamwambia. "Na mimi nazungusha kulia."