Chungu Alichosugua Nerys

Nerys alikisugua kile chungu kwa mapenzi. Hilo lazima lisemwe mapema, kwa sababu baadaye kuna watu pale kijijini Montrivel waliosema ni kiherehere, wengine wakasema ni dharau, na mmoja akasema wageni wote ndivyo walivyo. Alichemsha maji, akatia magadi, akazamisha mkono mpaka kwapani, akasugua mpaka ukipitisha kidole ndani unasikia udongo unalia. Kisha akakianika juani, akasimama kando akikitazama kwa fahari.

Tangu Juni alikuwa akikaa kwa Bi Huguette, mjane mwenye magoti mabovu na ulimi mzima. Makubaliano yao hayakuwa na ugumu wowote. Nerys, mwanafunzi aliyetoka Wales ambako mvua haijui kupumzika, angepata chumba cha juu na chakula. Yeye angemwagilia nyanya, angebeba vikapu vya sokoni, na papo hapo angekinyoosha Kifaransa chake kilichopinda. Raha iliyoje! Asubuhi mkate wa moto, mchana usingizi nyuma ya madirisha ya mbao yaliyofungwa, jioni meza inatolewa uani chini ya mzabibu na mazungumzo hayaishi. Nerys alinenepa, akachubuka pua kwa jua, akacheka mpaka akajishangaa.

Walikuwa wakigombana kwa jambo moja tu, tena kwa utani. Nerys alilelewa kumaliza. Sahani aliifuta kwa mkate, na glasi ya mvinyo aliinywa mpaka tone la mwisho, kwa adabu zake zote.

"We mtoto, nani anakukimbiza?" Bi Huguette angemwambia. "Unakunywa kama askari anayeitwa vitani. Hebu bakisha kidogo!"

"Kwetu ukibakisha, mama anakuuliza kama chakula kilikuwa kibaya."

"Basi siku mama yako akija hapa tutashikana mashati."

Halafu Bi Huguette alikusanya mabaki ya glasi zote, yake na ya jirani yeyote aliyepita, akayapeleka stoo na kuyamimina ndani ya chungu kikubwa cha kahawia kilichofungwa kitambaa mdomoni. Nerys aliona, akajijibu mwenyewe: ni ndoo ya makombo. Kwao kila nyumba ya shambani ilikuwa na ndoo ya namna hiyo kwa ajili ya nguruwe. Hakuuliza. Bi Huguette naye hakueleza, kwani pale Montrivel hata mtoto anayetambaa anajua kilichomo ndani ya chungu kile, na hakuna mtu anayekaa kumweleza mwenzake chumvi ni nini.

Agosti ilipoingia, Bi Huguette akaenda kwenye chemchemi za maji ya moto kuyaloweka magoti yake kwa amri ya daktari, kama nusu ya wazee wa nchi ile. Akamwachia Nerys nyumba na nyanya. Nerys akaona hapo ndipo pa kulipa wema. Akafua mapazia, akapaka sakafu nta, akaingia stoo, akafungua kitambaa. Harufu kali ikampanda puani. Juu ya maji mekundu kulikuwa na kitu kinaelea, kinene, chenye utelezi, kama ini la ng'ombe.

"Maskini Bi Huguette," alijisemea, "macho nayo yanamwacha."

Akakibeba chungu nje, akamwaga vyote juu ya lundo la mbolea. Kile kitu chenye utelezi akakikatakata kwa jembe kisije kikaleta nzi.

Siku chache baadaye akaja Clémence, mjukuu wa Bi Huguette. Harusi yake ilikuwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, mara tu bibi akisharudi. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaketi mezani, akaanza kula pichi moja baada ya nyingine.

"Watu wananiuliza nataka zawadi gani," alisema. "Sitaki vyombo, sitaki mashuka. Bibi ameniahidi mama wa siki. Huyo ananitosha."

"Mama wa nani?"

Clémence akacheka nusura apaliwe. "Wa siki! Yule anayeelea kwenye chungu kule stoo. Ndiye anayegeuza mvinyo kuwa siki. Unamlisha mabaki ya mezani, naye anaishi. Wa kwetu huyo ni wa bibi yake Bibi. Wakati wa vita alikimbia naye kwenye chupa ya maziwa, akamlaza kwenye kigari cha mtoto, mtoto mwenyewe akambeba mgongoni. Kila binti wa kwetu akiolewa anakatiwa kipande. Mama yangu alihamia mjini, akasema siki inauzwa dukani, hakuchukua chake. Mimi nakitaka." Akafuta mikono, akainuka. "Hebu twende nikamwone."

Nerys akamzibia njia. "Haiwezekani. Ufunguo wa stoo umepotea."

"Tangu lini stoo ile ina ufunguo?"

"Nilitaka kusema rangi. Nimepaka rangi mlango, bado mbichi. Utachafua gauni."

Clémence alimtazama kidogo, kisha akapuuza. Alikuwa na mambo mengi ya harusi kichwani. "Basi mtunze vizuri," alisema akimbusu mashavuni. "Amebaki yeye tu. Kipande kingine alipewa Bibi Léonie, mdogo wake Bibi, nyumba ile ya mbele, lakini wale si watu wa kuombana hata moto."

Baiskeli ilipopinda kona, Nerys alikimbia kwenye lundo la mbolea, akapiga magoti, akachimba kwa mikono. Alipata vipande vitatu, vikavu kama soli za ndala kuukuu, vimejaa funza. Akaviosha hivyohivyo, akavitia kwenye mvinyo, akakesha navyo. Asubuhi vilikuwa vinanuka mzoga. Akapanda baiskeli kwenda duka la mvinyo kuulizia mama mwingine, akakuta karatasi mlangoni: wamefunga mpaka Septemba. Kijiji kizima kilikuwa likizoni. Duka kubwa la barabara kuu lilikuwa wazi, na lilikuwa na siki, rafu nzima ya siki, nyeupe isiyo na uhai, kama maji ya betri.

Alinunua chupa sita. Akazimimina kwenye chungu, akakifunga kitambaa, akakaa chini kwenye sakafu ya stoo akalia kwa kwikwi. Hakuogopa kugombezwa. Aliogopa ule uso wa Bi Huguette, uso utakaosema nilikuamini. Mwanamke yule alimfungulia nyumba bila kumjua, akamwita mwanangu mbele za watu, na yeye amemchukua mtu wa ukoo, mtu aliyenusurika vita, akamkata kwa jembe. Akapanga mkoba wake. Akaupangua. Akaupanga tena, akauacha mlangoni.

Ilibaki nyumba ya mbele. Bi Huguette na Bi Léonie walitenganishwa na kichochoro tu, lakini kwa zaidi ya miaka kumi madirisha yaliyotazamana yalikuwa hayajafunguliwa. Kisa chake kilijulikana na wote. Sikukuu moja ya Julai walicheza mchezo wa kurusha mipira ya chuma uwanjani, na Bi Huguette akamfunga mdogo wake kumi na tatu kwa sifuri. Anayefungwa hivyo huletewa kibao chenye picha ya mwanamke aitwaye Fanny, aliyewageuzia watu makalio wazi, na ni lazima apige magoti ayabusu, watu wacheke. Ni utani wa zamani na hakuna anayekasirika. Lakini Bi Léonie alikuwa amemzika mumewe, Gaston, majuma machache nyuma, na wenzake walimtoa nyumbani kwa kumbembeleza. Aliomba asamehewe. Bi Huguette, mvinyo umemkolea, akasema sheria ni sheria, akakishika kibao kwa mikono yake mwenyewe.

Nerys alibisha hodi. Mlango ulifunguka kiasi cha kupitisha pua.

"Wewe ndiye Mwingereza wa Huguette," Bi Léonie alisema.

"Mimi ni wa Wales."

"Na huko ndiko mnakosugua vyungu?"

Nerys akageuka kutazama nyumba ya Bi Huguette.

"Nilikuona," Bi Léonie aliendelea. "Nilikuwa nyuma ya dirisha, nachungulia kwenye upenyo wa mbao. Nilikuona unavyombeba, nikataka kupiga kelele. Sauti ikagoma. Si mazoea yangu tena kuita kuelekea upande ule."

"Bibi, nakuomba kipande. Kidogo tu, kama kiganja. Nitakulimia, nitakufulia, nitambusu hata huyo Fanny mbele ya kanisa, kijiji kizima kinione."

Mdomo wa mzee ulicheza kidogo. "Fanny nimeshambusu kwa niaba ya ukoo mzima. Sikiliza. Mama wa siki haombwi na mpita njia. Aje Huguette, agonge mlango huu, aombe kwa kinywa chake. Kamwambie hivyo."

Mlango ukafungwa. Nerys alisimama kichochoroni, jua linamchoma utosi, akaelewa amefikishwa wapi. Ili amwokoe Clémence, ilimpasa aseme yote.

Bi Huguette alirudi Alhamisi, amenawiri, na kopo la peremende za kule chemchemi alilomletea Nerys. Aliyaona mapazia, akaiona sakafu, akapiga makofi.

"Ah, mwanangu! Nyumba imekuwa ya bibi harusi!"

"Usinisifu, Bi Huguette. Kaa kwanza."

"Kuna nini? Nani amekufa?"

"Mama wa siki," Nerys alisema, na mengine yakamtoka yenyewe, chungu, magadi, jembe, rangi ya uongo, chupa sita za dukani.

Bi Huguette alikwenda stoo, akafungua kitambaa, akainamisha pua. Kisha akarudi mpaka kizingiti cha stoo, akaketi juu ya sanduku la viazi. Nerys alitamani mzee apige kelele, atukane, arushe kitu.

"Bibi yangu alilala naye shimoni, mabomu yanapita juu," Bi Huguette alisema kwa sauti ndogo.

"Bi Léonie anaye. Nimekwenda kwake. Anasema atatoa, ila uende mwenyewe ukaombe."

"Kwa nani? Mimi?" Sauti sasa ilirudi yote. "Afadhali Clémence aolewe na chupa ya dukani!"

"Nifukuze mimi! Mkoba wangu ule pale mlangoni. Lakini Clémence kakosa nini?" Nerys alikuwa amepiga magoti kwenye sakafu aliyoipaka nta mwenyewe, na hakuona aibu. "Kakosa nini, Bi Huguette?"

Mzee aliangalia chungu, akaangalia mkoba, akaangalia dirisha la kichochoroni ambalo halikufunguliwa miaka yote ile.

"Nipe fimbo yangu," alisema.

Bi Léonie alifungua kabla hawajamaliza kugonga. Alikuwa amevaa gauni la kanisani, Alhamisi mchana, na nywele amezichana. Mezani kulikuwa na glasi tatu.

"Nimekuja kuomba," Bi Huguette alisema, kidevu juu.

"Omba basi."

"Kipande cha mama wa siki, cha mjukuu wetu." Akaegemea fimbo. "Na siku ile ya Fanny. Gaston alikuwa hata udongo haujamkaukia. Nilijua, na bado nilicheka."

Bi Léonie aliingia ndani, akarudi amekumbatia chungu cha kahawia, pacha wa kile kingine, akakiweka mbele ya dada yake. Bi Huguette akafungua kitambaa. Nerys akachungulia begani kwake.

Chungu kilikuwa kikavu. Chini kabisa kulikuwa na ukoko mwekundu uliopasukapasuka.

"Alikufa mwaka uleule wa Fanny," Bi Léonie alisema. "Chungu kinataka mabaki. Mtu anayekula peke yake anabakisha nini, Huguette? Na nani alikuja kukaa hapa abakishe?"

"Ulisema utatoa," Bi Huguette alisema.

"Nilisema uje."

Basi mama wa siki hayupo tena, popote pale, na keshokutwa ni harusi. Nerys akaangua kilio cha sauti, kwa lugha ya kwao ambayo pale hakuna aliyeijua. Wale wazee wawili wakamtazama, wakatazamana. Mabega ya Bi Huguette yakaanza kutikisika, na haikujulikana analia au anacheka.

"Wa kwanza kabisa alitoka wapi?" aliuliza alipopata pumzi. "Mama yetu aliwahi kukwambia?"

"Hakutoka popote," Bi Léonie alisema. "Mvinyo uliachwa wazi, akaja mwenyewe. Akitaka anakuja. Huchukua mpaka majani yapukutike."

"Clémence nitamwambia mimi," Nerys alisema, akijifuta kwa kiganja.

"Utamwambia," Bi Huguette alijibu, bila kulainisha neno. "Atalia, na utamtazama akilia. Na huo mkoba ukaupangue. Umeua, sasa utakaa mpaka azaliwe mwingine."

Bi Léonie alikwenda kwenye dirisha la kichochoroni, akasukuma mbao kwa bega mpaka zikafunguka kwa kelele, na mwanga ukaingia hadi mezani. Akamimina mvinyo. Wakanywa. Nerys aliinua glasi amalizie kama alivyolelewa.

"We mtoto!" wazee walipiga kelele kwa pamoja.

Akaishusha. Bi Léonie akazichukua glasi tatu, akayamimina mabaki ndani ya chungu, moja baada ya nyingine. Yalikuwa machache mno, hata ukoko wa chini hayakuufunika wote.

"Njooni tena kesho," alisema akifunga kitambaa. "Hayatoshi."